Tiketi ya Kwenda na Kurudi

Ofisi ya tiketi, kivukoni
3 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, ukiacha goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Nahodha anakusalimu. Tangu pantoni ichukuliwe amegeuka fundi baiskeli, na kila baiskeli akimaliza kuitengeneza huipigia kengele mara tatu, kama ile honi ya pantoni iliyokuwa ikikohoa mlio wa tatu, kabla ya kumkabidhi mwenyewe, utadhani inang'oa nanga. Watu wamemzoea.

Bibi yako bado yuko ng'ambo kwa mdogo wake. Unakumbuka alikwenda kulala siku mbili. Mwezi ujao hizo siku mbili zinatimiza miaka mitatu. Alibeba mfuko mmoja, nguo mbili za kubadili na mswaki. Asubuhi ya kurudi akafika gatini akakuta pantoni imekokotwa kwenda huko mjini kwenu kutengenezwa, wiki sita tu. Mtumbwi hataki hata kuusikia. Kuzunguka kwa barabara, siku mbili na magari matatu, hilo nalo kalikataa. Si woga. Anasema alikata tiketi ya kwenda na kurudi, kipande cha kurudi anacho, kakifunga kwenye pindo la leso. "Serikali iliahidi kunirudisha," anasema, "na itanirudisha."

Kila siku saa kumi jioni anakuja ufukweni kule, nami nasimama huku, tunapungiana. Mto ni mpana, sauti haifiki. Akipunga mkono mmoja, ni mzima. Akipunga yote miwili, amegombana na mdogo wake. Tangu mwezi uliopita ni miwili tu. Lakini nikwambie linaloniumiza: macho yake yanafifia. Wiki iliyopita alisimama akaipungia nguzo ya taa iliyo kando yangu, akaipungia kwa mapenzi kabisa, kisha akaenda zake. Hospitali ya macho iko upande huu. Daktari alishasema asicheleweshwe.

Mimi bado nafungua ofisi saa moja na nusu. Nafuta kidirisha, napanga vitabu vya tiketi, nakaa. Miaka mitatu sijakata hata moja. Barua yangu ya ajira inasema mimi ni mkata tiketi wa Pantoni Namba Tatu, popote itakapokuwa. Kwa kuwa sijui iko wapi, nakaa hapa. Hata kile kibao changu nilichokiandika kwa mkono wangu kilikwenda nayo, kimepigiliwa misumari mlangoni.

Sasa nisikilize. Nimemwandikia Mheshimiwa, mbunge wetu, mara ya saba. Safari hii kajibu. "Suala lako limepokelewa kwa uzito unaostahili na linashughulikiwa. Subira huvuta heri." Subira yangu imevuta mpaka mgongo unauma. Nani anayemwandikia huyu mtu barua? Wewe uko ofisi hiyohiyo, mshauri mkubwa, hebu mtafute unisaidie kumuuliza kama na yeye ana bibi.

Barua hii nimeikunja mkunjo wa babu yako, pembe ndani. Miaka yake yote ya utarishi alikuwa akisema barua isiyokunjwa hivi imeandikwa na mtu asiye na kwao.

Ni mimi shangazi yako.


Mjini
27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi mzima. Kinyozi aliyenipangisha chumba juu ya kibanda chake anakusalimu ingawa hakujui. Nilimsomea habari ya Nahodha na baiskeli, akacheka hadi akamkata mteja sikio, kidogo tu.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ya ushauri ina mambo mengi, na Mheshimiwa naye ana shughuli. Jumatatu ana kikao cha bodi ya bima. Jumanne bodi ya saruji. Jumatano yuko studio akirekodi tangazo la magodoro. Lile la "Lala kama kiongozi" ni sauti yake mwenyewe. Alhamisi anawashauri mawakili, sijui anawashauri nini. Ijumaa ni Bunge, foleni ikiruhusu. Juzi ilikuja ile fomu ambamo kila mbunge hutaja kazi zake za nje. Waliacha mistari mitatu. Tulibandika karatasi kwa gundi, tukabandika na nyingine.

Mji unapendeza. Wanamalizia daraja la tatu la kupita juu ya barabara, lina taa za rangi chini na juu.

Barua uliyopokea nimeisoma. Mimi naona ina adabu. Nadhani aliyeiandika alikuwa na barua arobaini mezani siku hiyo, na hakupewa jibu lolote la kuwapa watu, akaambiwa ajibu. Sijamjua ni nani. Ofisi ni kubwa. Nikimpata nitamuuliza habari za bibi yake.

Mpungie Bibi kwa niaba yangu, mkono mmoja.

Mwanao.


Kivukoni
19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mpe pole mwenye sikio.

Madaraja matatu juu ya lami kavu. Huku sisi mto tunao, maji yamejaa tele, hatuna hata gogo la kuvukia. Ningekuwa mimi ndiye ninayegawa vitu katika nchi hii ningeanza kwa kuuliza swali moja tu: nani amelowa?

Jumatano tulikusanyika kwa Nahodha kusikiliza tangazo la magodoro. Lilipokwisha Nahodha akaizima redio. Muuza mkaa ndiye aliyesema, "Huyu tulimtuma akasimame bungeni, kumbe kazi yake ni kulala redioni." Wamecheka, lakini si kicheko cha furaha. Mwalimu wa sekondari hakucheka kabisa. Wanafunzi wake kumi na wanne wako ng'ambo, wameacha shule, kwa sababu mwenye mtumbwi havuki siku za upepo na huku kila siku ni ya upepo.

Bibi Mdogo, mwenyeji wa bibi yako, ameleta ujumbe kwa mtumbwi. Anasema dada yake ni mgeni mwema lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu akipewa jembe anakosoa mpini. Sasa wanagombea kiti kimoja chenye mgongo. Mikono miwili, mwanangu, miwili kila siku.

Nimepata barua ya pili ya Mheshimiwa. "Pantoni iko katika hatua za mwisho za matengenezo." Hata mgonjwa huwa katika hatua za mwisho. Nimeiweka kwenye droo pamoja na ile ya kwanza.

Halafu imekuja nyingine, hiyo si ya kuchekesha. Ni ya wizara. Kwa kuwa kituo hiki hakijakata tiketi kwa miaka mitatu, kitafungwa tarehe thelathini Juni, nami nitastaafishwa. Kituo kikifungwa, pantoni inafutwa kwenye daftari la hapa. Ikishafutwa, hata ikipona, haina pa kurudi. Nilisoma mara mbili nikafunga kidirisha saa sita mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikakaa gizani na tiketi zangu.

Bibi yako sijamwambia. Nitamwambiaje kwa mikono?

Na yule mwandishi, ukimpata, usimgombeze sana. Nikimsoma naona analelewa na njaa lakini alilelewa na watu. Ana adabu za nyumbani.

Shangazi yako.


Mjini
4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nakuomba radhi, nimekaa na barua yako wiki nyingi. Nilianza kukujibu mara nne.

Hapa kwema. Kinyozi amenunua kiti kipya kinachozunguka. Mvua ni nyingi na barabara mbaya, kwa hiyo usifikirie kuja mjini kipindi hiki.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwenye ufunguzi wa mkahawa mpya. Ni mkahawa unaoelea majini, umefungwa kwa minyororo kwenye ukingo wa mto, mto wetu huohuo. Wenye mkahawa ni kampuni ambayo Mheshimiwa ni mwenyekiti wake. Hiyo haikuwa kwenye ile fomu. Nadhani gundi iliisha. Mahali pazuri sana. Makochi mekundu, vitambaa vyeupe, taa za vioo zinaning'inia, samaki wanamleta na kichwa chake anakutazama. Wageni walipokwisha kukaa wakapiga honi ya kufungua. Ililia mara mbili fupi, ya tatu ikakohoa.

Sikula vizuri siku hiyo.

Shangazi, kile kibao chako cha kwenye pantoni kilikuwa kimeandikwa maneno gani hasa? Nauliza tu. Kuna mtu hapa anapenda mambo ya kale.

Mwanao.


Kivukoni
13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kibao kiliandikwa hivi, kwa rangi nyeusi, na kwenye neno la mwisho rangi iliniishia nikamalizia kwa ya kijani:

MBUZI NUSU TIKETI. MWENYE MBUZI TIKETI NZIMA. NG'OMBE WASUBIRI ZAMU. ANAYEBISHANA NA MKATA TIKETI ATAOGELEA.

Umeniambia nisije mjini. Mbona sikuwa nimesema nakuja?

Shangazi.


Mjini
21 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Neno la mwisho ni la kijani, kweli.

Nilisema vile kwa ajili ya mvua tu. Hata hivyo mwisho wa mwezi nitakuwa nimesafiri kikazi, mbali, sijui mpaka lini. Ukija hutanikuta. Mkahawa huwa unajaa zaidi Jumamosi mchana, sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Mwanao.


Kivukoni
9 Juni

Mwanangu,

Natumaini umerudi salama kutoka safari yako ya mbali. Huku tuko salama, goti limevimba kwa ajili ya basi, siku mbili kwenda na mbili kurudi, na jirani yangu wa kiti alikuwa na kuku.

Nisikilize nikusimulie, kwa kuwa hukuwepo.

Nilifika Jumamosi saa sita. Nimevaa sare yangu ya buluu, kofia, mkoba wa tiketi begani, filimbi shingoni. Niliiona kabla basi halijasimama. Wameipaka nyeupe, wameiwekea maua, lakini mtu hamsahau mwanawe kwa kuwa amevalishwa suti. Pale darajani pa kupandia kuna mlinzi. Akaniuliza, "Mama, umeagiza nafasi?" Nikamwambia ninayo tangu miaka ishirini na miwili iliyopita, nikampa barua yangu ya ajira. Aliisoma yote, midomo inacheza. Alipofika kwenye "popote itakapokuwa" akatazama muhuri, akanitazama mimi, akatazama muhuri tena. Akanipisha. Kijana mwenye heshima, sijui mama yake ni nani lakini nimempenda.

Kibao changu wamekitundika juu ya kaunta ya vinywaji. Watu wanajipiga nacho picha. Basi nikavuta kigoda nikakaa chini yake, nikafungua kitabu namba moja. Nikapuliza filimbi.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja na mkewe. Nikasema, "Tiketi." Wakacheka, wakadhani ni sehemu ya burudani, wakakata, mama akaniambia nimeigiza vizuri. Wakaja wengine. Mwanangu, walipanga foleni. Watu wazima, na saa zao za dhahabu, wamepanga foleni kwenye pantoni yangu, mmoja akaniuliza kama ana haki ya nusu tiketi nikamwambia kama ni mbuzi. Miaka mitatu kidole gumba kilikuwa kimelala. Siku ile kiliamka.

Ndipo akaja Mheshimiwa na wenzake wanne wa bodi. Ni mfupi kuliko sauti yake. Nikamwambia, "Mheshimiwa, kuna ya kwenda, na kuna ya kwenda na kurudi. Nikukatie ipi?"

Akatabasamu kwa ajili ya wenzake. "Hii inakwenda wapi, mama?"

"Ng'ambo," nikasema. "Mama yangu anaisubiri gatini miaka mitatu sasa."

"Mama yangu, hiki ni mkahawa."

"Hiki ni Pantoni Namba Tatu, na iko katika hatua za mwisho za matengenezo. Umeniandikia mwenyewe."

Nikatoa barua zake mbili kwenye mkoba, nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti ile niliyokuwa nikiwaitia ng'ombe. Nilisoma mpaka "subira huvuta heri". Vijiko vilisimama. Bwana mmoja pembeni aliacha kutafuna, akatoa kalamu akaanza kuandika kwenye kitambaa cha meza. Baadaye nikaambiwa ni wa gazeti. Mheshimiwa akasema nisimvunjie heshima, akanyoosha kidole, akaanza kubishana. Na alikuwa amesimama chini ya kibao. Watu wakasoma kibao, wakamtazama yeye, wakayatazama maji. Aliyeanza kucheka ni mke wa yule bwana wa kwanza, kisha meli nzima.

Sikukaa. Nilimkatia tiketi yake, nikaiweka mezani, nikaondoka kuwahi basi.

Nina jambo moja zaidi. Nyuma ya pazia la jikoni palikuwa na mtu. Pazia lilikuwa fupi. Viatu vile vya kahawia nilivinunua mimi, siku ulipomaliza shule. Nilikupita kama sikujui, na usidhani ni dharau, wala usidhani nimekasirika. Mtu mwenye kazi hapigiwi kelele na shangazi yake mbele ya mwajiri wake.

Kituo kinafungwa baada ya wiki tatu. Jana bibi yako alipungia nguzo tena.

Shangazi yako.


Mjini
15 Julai

Shangazi,

Shikamoo, tena shikamoo.

Sina la kusema juu ya pazia. Nikilianza sitalimaliza.

Habari utakuwa umezisikia, lakini nikuandikie kwa mpangilio. Gazeti lilitoa habari ukurasa wa mbele, na picha ya kibao. Kesho yake likaweka kazi zote za Mheshimiwa, bodi kwa bodi, na kando yake vitu vyote ambavyo mkoa wetu uliahidiwa na haukupata. Safu ya kushoto ilikuwa ndefu, ya kulia ilikuwa ndefu zaidi. Hapa kwa Kinyozi wateja walikuwa wanakuja kusoma tu, nywele zao hazijaota bado. Dereva mmoja aliuliza kwa nini mtu anayelipwa kutusemea anahitaji kazi nyingine tano, na Kinyozi akamjibu kwamba yeye ana kazi moja na kila mtu anajua kama ameifanya, kwa sababu wanaondoka nayo kichwani.

Bungeni wakamuuliza pantoni ilifikaje kuwa mkahawa. Akasema ilikuwa inafanyiwa majaribio ya kubeba watu waliokaa. Bunge zima likacheka, hata wale ambao nao fomu zao zina gundi. Basi wizara imeamuru irudi mwezi huu, na barua ya kufunga kituo imefutwa. Mheshimiwa ametangaza kwamba ni matunda ya juhudi zake, na atakuja kuipokea. Msishangae.

Mimi sijambo. Kazi iko palepale. Ila barua zako sasa nitumie kwa Kinyozi, ofisini wanazichelewesha. Siku hizi nina nafasi zaidi ya kusoma, na Kinyozi amenifundisha kunoa mikasi.

Kuna jambo kuhusu zile barua mbili za Mheshimiwa nilitaka kukwambia tangu Februari. Nitakwambia siku nyingine, tukionana. Mwambie Bibi ajiandae.

Mwanao.


Kivukoni
18 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, baba. Imefika.

Nahodha alikwenda mwenyewe kuichukua, akaileta polepole kama anayembeba bibi harusi. Hawakutoa makochi. Hawakutoa taa za vioo. Sasa mbuzi wanavuka kwenye makochi mekundu na wamekuwa na majivuno, wakifika ng'ambo hawataki kushuka. Kibao kimerudi mlangoni. Wale wanafunzi kumi na wanne wanavuka kila asubuhi, na mwalimu anasema wanafika shuleni wakinukia samaki wa kukaanga.

Mheshimiwa alikuja, akahutubia saa moja na nusu, akasema yeye na sisi tumeisubiri pamoja. Muuza mkaa akamletea godoro alalie. Akaondoka mapema, alikuwa na kikao.

Safari ya kwanza kwenda ng'ambo nilipanda mwenyewe. Bibi yako alikuwa gatini na mfuko wake mmoja, nguo zile zile mbili na mswaki. Mdogo wake kamshika mkono, analia, miaka mitatu anamlalamikia na sasa analia. Bibi yako akafungua pindo la leso, akanipa kipande cha kurudi. Kimelainika kama kitambaa. Nikakisoma kwa mazoea, na chini yake kimeandikwa kama vilivyoandikwa vyote: hutumika ndani ya siku saba.

Unanijua. Miaka ishirini na miwili sijampitisha mtu kwa tiketi iliyopita siku zake. Marehemu mume wangu nilimshusha mbele za watu. Nikasimama na kile kipande, na foleni nyuma yake inatazama, na bibi yako anatazama mahali anapodhani ndipo uso wangu ulipo. Akasema, "Mimi sikuchelewa. Nilifika hapa asubuhi ile, tena mapema. Nyinyi ndio hamkuwepo."

Nikakikata pembe. Nililia nikiwa kazini, ndani ya sare.

Amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia wiki iliyopita. Walipomfungua bandeji alinitazama sana, akasema, "Umezeeka." Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko hapo.

Sasa tuje kwako. Tarehe mbili, pantoni imeshafika, nimepokea barua ya tatu ya Mheshimiwa, inasema suala langu la pantoni linashughulikiwa. Maneno ni yaleyale. Lakini ilikuwa imekunjwa katikati, shaghalabaghala, pembe zote nje. Nikajua kwamba hupo tena kwenye ile ofisi.

Zile mbili za kwanza zilikuwa zimekunjwa pembe ndani, mwanangu. Nilijua tangu Februari, kabla sijafungua nisome. Mshauri mkubwa. Nilikuwa nangoja useme, nawe ulikuwa unangoja siku nyingine. Na Nahodha ameyasikia ya mkahawa kwa wapishi. Kwamba nilipoondoka Mheshimiwa aliuliza nani anamjua yule mama kichaa, nawe ukatoka nyuma ya pazia ukasema, "Ni shangazi yangu, na barua zile niliziandika mimi." Ulifukuzwa kabla ya kumaliza kusema. Nami kumbe nilikupita bure kama sikujui. Nisamehe kwa hilo.

Basi la huko siku hizi linapita njia ya mkato, linashusha abiria ng'ambo wanavuka kwa pantoni. Njoo. Barabara ya kwenda shuleni haipitiki, mashine ya picha hospitalini haijafanya kazi tangu ifunguliwe boksi, na watu wa huku wana mengi ya kuwaandikia wakubwa. Hakuna anayejua kuliko wewe jinsi barua inavyopuuzwa, kwa hiyo utajua kuandika isiyopuuzika. Meza nimeshakuwekea ofisini, karibu na kidirisha. Kinyozi mwambie asante, na mkasi mmoja uje nao, mbuzi wana manyoya.

Ndani ya barua hii nimekuwekea tiketi yako. Usishangae kuiona imekatwa nusu. Ni ya kwenda na kurudi, kama kanuni inavyotaka, ila kipande cha kurudi amekichukua bibi yako, kakifunga kwenye pindo la leso, na anasema hajui atakifungua lini.

Shangazi yako.